Kukabidhi Reli na Kukabidhi Ujuzi: Upangaji wa Mafunzo ya Wafanyakazi wa TAZARA, 1967–1983

Historia ya Reli ya Uhuru imeandikwa zaidi kama historia ya diplomasia na ya ujenzi. Wasomi wameeleza kwa kina jinsi Benki ya Dunia ilivyoukataa mradi huo, jinsi China ilivyoukubali, na jinsi reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ilivyopasua mapori, vinamasi na milima kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Insha hii inajishughulisha na suala lililopewa nafasi ndogo katika maandishi hayo, nalo ni mafunzo ya watu waliotarajiwa kuiendesha reli hiyo baada ya wajenzi wake kuondoka. Ni nani aliyeyapanga mafunzo hayo, yalipangwa kwa kufuata kalenda gani, na yalimwandaa mfanyakazi kwa kazi ipi hasa? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mpango wa mafunzo wa TAZARA uliongozwa na tarehe ya kukabidhi reli. Kwa sababu hiyo ulifaulu sana katika kazi zinazofundishika kwa mkono na kwa macho, na ukapwaya katika kazi zinazohitaji mtu aachiwe uamuzi na muda wa kuuzoea.

Ukubwa wa tatizo lililowakabili wapangaji hauwezi kueleweka bila kutazama hali ya ajira katika reli za kikoloni. Upande wa Zambia, njia ya reli ilikuwa sehemu ya Reli za Rhodesia, ambako udereva wa treni na ufundi stadi vilihodhiwa na wafanyakazi wa Kizungu kwa miaka mingi, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia katika uanagenzi rasmi. Upande wa Tanganyika, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliajiri watu kwa ngazi zilizofuata rangi: Wazungu juu, Waasia katikati wakiwa makarani, mafundi na wasimamizi wa stesheni, na Waafrika chini wakibeba, wakichoma makaa na kushindilia kokoto. Makao makuu ya shirika hilo yalikuwa Nairobi, na huko ndiko kilikokuwa chuo chake kikuu cha mafunzo. Zambia ilipopata uhuru mwezi Oktoba 1964 ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wapatao 100 tu. Tanzania haikuwa na hali bora sana, na Mpango wake wa Kwanza wa Miaka Mitano, wa 1964 hadi 1969, uliweka lengo la taifa kujitosheleza kwa wataalamu wa ngazi za juu ifikapo mwaka 1980. Reli mpya ingewahitaji watu haohao ambao wizara, viwanda, shule na hospitali zilikuwa zikiwagombania.

Kulikuwa pia na jambo la kiufundi ambalo lilipunguza thamani ya uzoefu mdogo uliokuwepo. Reli ya Kati na ya Tanga zilijengwa kwa upana wa milimita 1,000 baina ya chuma na chuma. Reli mpya ililazimika kuungana na mtandao wa Zambia na wa nchi za kusini, hivyo ikajengwa kwa upana wa milimita 1,067. Tofauti hiyo ya milimita 67 yaonekana ndogo mtu akiitazama karatasini, lakini maana yake ni kwamba kichwa cha treni na behewa la reli moja havikuweza kupita katika nyingine. Kila reli ilihitaji karakana zake, vipuri vyake na mafundi wake. Fundi aliyepikwa katika karakana ya Reli ya Kati angeweza kuhamia TAZARA, lakini angekutana na mitambo asiyoizoea, yenye maelezo yaliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma.

Mkataba wa tarehe 5 Septemba 1967, uliotiwa saini Beijing na serikali za China, Tanzania na Zambia, haukuwa mkataba wa kujenga tu. Ulihusisha upimaji, ujenzi, utoaji wa vichwa vya treni na mabehewa, pamoja na mafunzo ya wafanyakazi. Makubaliano ya Julai 1970 yaliweka mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, utakaolipwa kwa miaka 30. Mwezi Oktoba mwaka huo Marais Nyerere na Kaunda waliweka mawe ya msingi Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, na tangu siku hiyo kalenda ya mafunzo ikawa imefungwa kwenye kalenda ya tuta. Huu ndio msingi wa kila kilichofuata. Kwa kawaida, anayepanga mafunzo kazini huanza kwa kuuliza kazi yenyewe ni ipi, anayeifanya ana upungufu gani, kisha ndipo apange muda. Katika mradi huu muda ulitangulia, na mengine yakakatwa kwa kipimo chake.

Mafunzo yaliyotolewa yanaweza kutazamwa kama tabaka tatu, ingawa mipaka baina yake haikuwa mikali. Tabaka la chini, ambalo ndilo lililokuwa kubwa, ni vibarua na mafundi wa ujenzi. Kufikia mwaka 1972 walikuwapo Waafrika wapatao 38,000 wakifanya kazi pamoja na Wachina wapatao 13,500. Wengi wa Watanzania hao walikuwa vijana kutoka vijijini, baadhi yao wakiwa wameandikishwa kupitia Jeshi la Kujenga Taifa na Umoja wa Vijana wa TANU. Walifika kambini bila ujuzi wa saruji, wa baruti, wala wa kulehemu. Hapakuwa na darasa la kuwasubiri. Walipangwa katika vikosi, kila kikosi kikawa na fundi wa Kichina, na somo likaanza asubuhi ileile.

Namna somo hilo lilivyoendeshwa inastahili kuelezwa kwa urefu, kwani hapa ndipo palipokuwa na ubunifu wa kweli, japo ulizaliwa na shida. Wakalimani walikuwa wachache mno kuliko vikosi. Fundi wa Kichina hakujua Kiswahili isipokuwa maneno machache aliyoyaokota kazini, na kijana wa Kilombero au wa Njombe hakujua Kichina kabisa. Mwanahistoria Jamie Monson, ambaye aliwahoji wafanyakazi wa zamani wa reli hiyo na kuchapisha kitabu chake mwaka 2009, anaonyesha kwamba mafunzo yalikwenda kwa mfano: mwalimu alifanya, mwanafunzi akatazama, kisha mwanafunzi akafanya mbele ya mwalimu. Aliyekosea alioneshwa tena. Aliyepatia alipewa kazi hiyo, na baada ya muda yeye akamwonesha mwenzake, safari hii kwa maneno.

Msomaji aliyewahi kukaa katika karakana ya seremala au ya mjenzi wa jahazi mahali popote katika pwani yetu hataona jambo geni katika utaratibu huo. Uanagenzi wa Waswahili umekuwa hivyo tangu zamani: kijana hushika msumeno baada ya kushika ufagio, na fundi hasemi sana. Kilichokuwa kipya ni wingi wa watu na kasi. Uanagenzi wa jahazi huchukua miaka. Hapa kazi nzima ilivunjwa vipande vidogo, kila kipande kikiwa chepesi kiasi cha kujifunzwa kwa siku chache. Kijana mmoja alijua kusuka nondo. Mwingine alijua kuchanganya zege. Mwingine alijua kulaza mataruma na kuyapima nafasi zake. Wachache sana walijua jinsi vipande hivyo vilivyoungana. Kwa ujenzi jambo hilo halikuwa na hasara kubwa, maana aliyejua jumla yake, yaani mhandisi wa Kichina, alikuwa pale pale.

Kulikuwa na jambo jingine katika mafunzo hayo ambalo hesabu za saa na madarasa haziwezi kulionesha. Mzee aliyewahi kufanya kazi chini ya nyapara wa kikoloni alimjua msimamizi kama mtu anayesimama kivulini na kutoa amri. Mafundi wa Kichina walishika sururu. Waliishi kambini, wakaingia ndani ya mahandaki pamoja na wanafunzi wao. Isidhaniwe kwamba uhusiano ulikuwa mtamu wakati wote. Nidhamu ilikuwa kali, mwendo wa kazi ulichosha, na mvua za Mlimba hazikumhurumia mtu. Hata hivyo mfano wa msimamizi anayefanya kazi ni somo kwa nafsi yake, na lilifundishwa bila kuandikwa katika ratiba yoyote.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambapo reli hupanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu. Katika umbali wa kilomita zipatazo 158 palijazana mahandaki na madaraja mengi kuliko katika sehemu nyingine yoyote ya njia hiyo. Waliopita hapo na kumaliza walikuwa mafundi kweli, hata kama hawakuwa na cheti. Suala la cheti litawarudia baadaye, kwani shirika la reli, tofauti na kambi ya ujenzi, huajiri kwa karatasi.

Tabaka la pili ni la waendeshaji: madereva, mafundi wa karakana, wasimamizi wa stesheni, watu wa ishara na wa mawasiliano. Hawa walihitaji mafunzo ya darasani na ya vitendo kwa pamoja. Karakana kubwa zilijengwa Dar es Salaam na Mpika, na Mpika pakawa pia na chuo cha mafunzo cha reli. Uchaguzi wa Mpika, mji ulio mbali kaskazini mwa Zambia, ulikuwa wa kisiasa kwa sehemu, kwa kuwa nchi mbili zenye mali moja hugawana kila kitu. Kimafunzo ulikuwa uchaguzi mzuri kwa sababu rahisi: mwanafunzi alijifunza mahali ambapo vichwa vya treni vilifika vikiwa vibovu na kuondoka vikiwa vizima.

Tabaka la tatu ni dogo. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, kusomea uhandisi na usimamizi wa reli. Waliomaliza walihitimu mwaka 1975. Ilibidi kwanza wajifunze Kichina, kwa kuwa ndiyo lugha waliyofundishiwa. Walikuwa wakijifunza reli wakati reli yenyewe ilikuwa ikijengwa nyumbani, umbali wa bahari nzima, na wakarudi wakati kazi ya kulaza chuma ilikuwa imekamilika.

Hapa ndipo kasoro ya mpango inapoonekana wazi. Ujenzi ulikwenda haraka kuliko ilivyotarajiwa. Chuma kiliungana hadi mwisho mwezi Juni 1975, treni za majaribio zikaanza baadaye mwaka huo, na tarehe 14 Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi, mapema kuliko ratiba. Kila mtu alishangilia, na alikuwa na haki ya kushangilia, kwani Zambia ilikuwa imefunga mpaka wake na Rhodesia tangu mwaka 1973 na shaba yake ilihitaji njia. Lakini wepesi wa ujenzi ulikuwa na gharama kwa upande wa mafunzo. Daraja linaweza kujengwa kwa nusu ya muda kwa kuongeza watu. Mkuu wa usafirishaji hapatikani kwa nusu ya muda kwa kuongeza watu. Anahitaji masika kadhaa, ajali chache na makosa yake mwenyewe, huku mtu mwenye uzoefu akiwa karibu bila kumnyang'anya uamuzi.

Mhitimu wa Beijing wa mwaka 1975 alikuwa na mwaka mmoja tu, au pungufu ya hapo, kabla ya makabidhiano. Fundi wa ujenzi aliyetoka katika handaki la Makambako alijua zege, na reli inayoendeshwa haihitaji zege nyingi. Kujenga na kuendesha ni kazi mbili tofauti, na tofauti hiyo haikupewa uzito unaostahili katika upangaji. Anayejenga humaliza. Anayeendesha hamalizi: kila siku kuna ratiba ya kupanga, vichwa vya kugawa, vipuri vya kuagiza miezi mingi kabla ya kuhitajika, hesabu za kufunga, na mteja anayelalamika kwamba mabehewa yake yamekwama. Katika miaka ya ujenzi maamuzi mengi ya aina hiyo yalifanywa na Wachina. Waafrika waliyaona matokeo ya maamuzi hayo, lakini si wengi walioketi katika chumba yalimofanywa. Mafunzo kwa kutazama, ambayo yalikuwa nguvu ya mradi huu, yana mpaka: uamuzi wa msimamizi hauonekani kwa macho kama unavyoonekana mkono wa fundi anayelehemu.

Wataalamu wa Kichina hawakuondoka wote mwaka 1976. Walibaki chini ya makubaliano ya ushirikiano wa kiufundi, lakini walibaki kama washauri, na idadi yao ikapungua. Kuna heshima katika msimamo huo wa China. Nchi zilizokuwa zimetoka utumwani juzi hazikutaka mabwana wapya, na China haikutaka kuonekana hivyo. Hata hivyo mshauri asiyeulizwa hana kazi, na meneja mpya anayeona aibu kuuliza hana mshauri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, hali ya shirika ilipozidi kuwa mbaya, serikali mbili ziliiomba China irudishe watu wake katika ngazi za uongozi, na kufikia mwaka 1983 walikuwa wakishiriki katika usimamizi wenyewe. Kitendo hicho kilikuwa ungamo la kimyakimya kwamba mafunzo yaliyohitajika mwaka 1976 yalikuwa bado hayajatolewa.

Itakuwa dhuluma kuyabebesha mafunzo lawama yote. Reli ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kufikia kiasi hicho, lakini sababu ni nyingi. Vichwa vya treni vya awali, vilivyotumia mfumo wa haidroliki, vilikuwa dhaifu kwa mlima wa Mlimba na viliharibika mara kwa mara. Bandari ya Dar es Salaam ilisongwa na mizigo. Oktoba 1978 Zambia ililazimika kuifungua tena njia ya kusini. Mwaka 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la mto Chambeshi. Hakuna kozi inayomwandaa msimamizi wa stesheni kwa bomu.

Suala la vichwa vya treni, hata hivyo, lina upande wa mafunzo usiopaswa kupuuzwa. Mafundi wa karakana walikuwa wamefundishwa mashine moja, kwa namna ileile ya kuona na kurudia. Waliijua vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilipoletwa vichwa vya dizeli-umeme vilivyotengenezwa Ujerumani Magharibi, sehemu kubwa ya ujuzi huo ilipitwa na wakati. Aliyefundishwa hatua kumi za kufungua mtambo fulani hujikuta hana pa kuanzia mtambo unapobadilika, ilhali aliyefundishwa kwa nini hatua ya tatu hutangulia ya nne aweza kujitafutia njia. Kufundisha sababu kulihitaji lugha ya pamoja, na lugha ndiyo iliyokosekana tangu siku ya kwanza. Kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, kasoro kubwa kuliko zote katika mpango mzima ni kwamba lugha ilichukuliwa kuwa kero ya kambini, wakati ilipaswa kuwa sehemu ya mafunzo. Vijana 200 walifundishwa Kichina ili wasome Beijing. Haukuwepo mpango wenye uzito kama huo wa kuweka miongozo ya mitambo katika Kiswahili au Kibemba, wala wa kuwapa wakufunzi wa Kichina Kiswahili cha karakana kabla ya kupanda meli. Na hili lilikuwa likitokea katika nchi ambayo, katika miaka ileile, ilikuwa ikiwafundisha mamilioni ya watu wazima kusoma kwa Kiswahili.

Tena si hilo tu. Mwaka 1973, wakati vikosi vilikuwa vikichimba mlima, Waziri Mkuu Rashidi Kawawa alitoa waraka kuhusu elimu ya wafanyakazi uliotaka kila mahali pa kazi pawe na mpango wa elimu, ukihusisha kisomo, ufundi na siasa. Waraka huo ulitokana na Mwongozo wa TANU wa 1971 na ulikuwa na wazo pana kuhusu mfanyakazi: kwamba anahitaji kuelewa jinsi shirika lake linavyoendeshwa, faida inavyopatikana na maamuzi yanavyofikiwa. Utekelezaji wake ulikuwa hafifu katika sehemu nyingi, na mameneja wengi waliona saa ya darasa kuwa ni saa iliyoibwa. Hata hivyo wazo lake ndilo hasa lililopungua katika reli. Tanzania ilikuwa na mipango miwili ya mafunzo kazini kwa wakati mmoja, mmoja ukifundisha mikono bila kueleza shirika, mwingine ukieleza shirika bila kugusa mitambo, na haikupatikana ofisi iliyoikutanisha.

Yaliyowapata wanafunzi wa tabaka la chini hayapatikani kwa wingi katika nyaraka za shirika. Baadhi yao waliajiriwa katika magenge ya kutunza njia, na kwa hao mafunzo yalizaa matunda ya kudumu, kwani kushindilia kokoto na kupima njia ni kazi ileile waliyoioneshwa mwaka 1971. Wengi hawakupata nafasi. Waliondoka kambini na ujuzi wa saruji, wa umeme, wa kulehemu, wa kuendesha mitambo mizito, lakini bila karatasi ya kuuthibitisha, na wengine wakahamia kandokando ya njia waliyoijenga, wakalima na kufanya biashara kwa treni ya abiria. Mpango wa mafunzo haukuwa umeuliza watakwenda wapi, kwa sababu ulikuwa mpango wa reli, na wao walikuwa wamekwisha kuimaliza.